Jina Kwenye Kabati la Viatu

Sakata, 14 Aprili 1997

Kwako dada Fumie,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi huku tunapumua, sijui nyie wa Tokyo. Baba mgongo bado unamsumbua, lakini kila alfajiri yuko juu ya sufuria lake la soya, eti tofu ya dukani haimsubiri mtu. Bibi anakusalimia, anauliza unakula wali au unakula wino. Mama yeye anauliza lile swali lake, na nimeshamwambia kwamba mchumba hujapata, unachora wachumba wa watu.

Jarida la manga limefika kwa mzee Ikeda juzi, na hadithi zake zote za michoro. Nimesoma sura yako ya tatu na nimejaza kadi ya maoni, nikakuweka wa kwanza kama kawaida. Bado nacheka nikiona jina la Iwao Kaji pale juu. Wavulana darasani wanabishana Iwao Kaji ni mzee wa miaka mingapi, mmoja anaapa kwamba alikuwa mwanajeshi. Mimi nimekaa kimya, najua Iwao Kaji ni dada yangu mwenye soksi zilizotoboka. Siri yako iko salama. Tulifungana vidole vya kiapo siku ya mwaka mpya na mimi sijasahau.

Picha ulizoomba nimekuwekea humu: ngazi za nyuma, korido ya ghorofa ya pili, makabati ya viatu pale mlangoni. Nilipiga Jumapili, shule haikuwa na mtu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Kwa simu siwezi, unajua simu yetu iko kaunta ya duka, katikati ya mama na wateja.

Wiki iliyopita Wataru Sugawara wa timu ya besiboli alinisubiri nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Akainama mpaka kiunoni, akasema, "Nakupenda. Tafadhali uwe na mimi." Wenzake watano walikuwa wamejibana nyuma ya ukuta wakidhani siwaoni. Nikasema ndiyo. Dada, nilisema ndiyo kwa sababu alikuwa ameinama na sikujua njia nyingine ya kumwinua.

Si mbaya, Wataru. Ananibebea mkoba. Lakini nikiwa naye ni kama nimesimama pembeni namtazama msichana fulani anaitwa Shihori akicheka.

Halafu kuna Kozue Honma. Anakaa dawati la mbele yangu, yuko klabu ya upinde, haongei na watu sana. Ijumaa tunabadilisha viatu pale kwenye makabati, akaniambia bila hata kunitazama: "Ukicheka na Wataru unafunika mdomo. Ukicheka na mimi hufuniki."

Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Dada, nadhani nampenda. Si kirafiki. Nimejaribu kuliita jina lingine nimeshindwa. Kuna Shihori wa Wataru na kuna huyu mwingine, na huyu mwingine anajulikana na Kozue peke yake, na sasa na wewe. Usimwambie mtu. Mama ndiyo kabisa.

Mdogo wako,
Shihori


Tokyo, 11 Mei 1997

Mdogo wangu Shihori,

Hujambo mpenzi? Mimi nipo, nimekonda kidogo, usimwambie bibi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako nimeisoma siku ile ile ilipofika, na tangu hapo haijatoka mezani kwangu. Asante kwa picha, ni nzuri mno. Nilipoona zile ngazi nilisikia mpaka harufu ya nta ya sakafu.

Kwanza jambo lako. Huumwi na hujakosea. Ningekuwa hapo ningekushika kichwa kama zamani ulipokuwa na homa. Kuhusu Wataru, usimwonee huruma mpaka akuoe. Na ulichoniambia kimelala kwangu, hakitoki.

Huku mambo si mambo. Kadi za wasomaji zimehesabiwa, na katika hadithi kumi na tisa za jarida mimi nimekuwa wa kumi na saba. Mhariri wangu, Bwana Tadokoro, aliniita kwenye mgahawa, akanywa kahawa yake yote, kisha: "Iwao, wasichana wako ni wa karatasi. Wanalia vizuri, lakini hakuna mtu ndani." Akanipa sura tatu. Zisipopanda, tunafunga. Shihori, miaka minane nimewachorea watu wengine majani ya miti na vioo vya madirisha ili nifike hapa. Nikifunga hii, sidhani kuna atakayeniita tena.

Basi, tuache hayo. Niandikie zaidi. Niko mbali, nataka kukuona. Huyo Kozue akikasirika anafanyaje? Mikono yake ikoje? Akisimama, uzito anauweka mguu gani? Niambie kila kitu, hata vile unavyoona ni upuuzi.

Dada yako,
Fumie


Sakata, 8 Juni 1997

Dada Fumie mpendwa,

Mvua imeanza, nguo hazikauki, na bibi anasema magoti yake yalijua kabla ya redio. Baba amenunua mashine mpya ya kusaga, inapiga kelele mpaka paka wa jirani amehama. Vinginevyo sote wazima.

Wa kumi na saba! Hao wasomaji wana macho kweli? Nimewapa wasichana wanne darasani kadi za maoni wakujazie, nimewaambia namwonea huruma yule mzee Iwao.

Umeuliza mikono. Kidole gumba cha kulia kina sugu ya upinde, na huwa anaisugua kwa kidole kingine akiwa anafikiri. Akikasirika anakuwa mpole zaidi, sauti inashuka, mpaka inabidi umsogelee ndipo umsikie. Uzito anauweka mguu wa kushoto. Umenifanya nimtazame siku nzima, mwalimu amenikemea mara mbili!

Alhamisi mwavuli wangu ulichukuliwa na mtu. Kozue akanisindikiza mpaka darajani, mwavuli mmoja. Nikamwambia, "Bega lako linalowa." Akasema, "Liache. La kwako ni kavu."

Tukatembea. Kisha akaniuliza, "Umeshamwambia Wataru?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ukiwa naye, haupo."

Dada, nilitaka daraja liwe refu kuliko lilivyo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii na woga wa namna hii kwa wakati mmoja. Asante kwa kuwa mtu wa kuambiwa. Bila wewe ningepasuka.

Shihori wako


Sakata, 17 Julai 1997

Dada Fumie,

Nyumbani wazima. Mimi siyo.

Nimesubiri barua yako mwezi mzima. Badala yake limekuja jarida.

Ukurasa wa kumi na tisa. Msichana wako wa nywele fupi anamwambia mwenzake: "Ukicheka naye unafunika mdomo. Ukicheka na mimi hufuniki." Nilisoma nimesimama dukani kwa mzee Ikeda. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia. Neno kwa neno, dada. Hata ile ya kutomtazama usoni umeichora. Hata sugu ya kidole ipo, umempa piano badala ya upinde, kana kwamba piano inaotesha sugu gumbani.

Ningeweza kujidanganya kwamba hakuna atakayejua. Lakini ukigeuza ukurasa kuna makabati ya viatu. Makabati yetu. Safu ya tatu, la nne kutoka kushoto, kikaratasi cha jina kimeandikwa Honma, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kesho yake darasa zima walikuwa nalo. Wavulana walimpokea mlangoni.

"Honma, cheka tukuone!"

"Mwacheni jamani, anamsubiri mpenzi wake. Eti nani huyo asiyefunika mdomo?"

"We Sugawara, hapa kuna kijana wa besiboli anazungukwa na mtu wake. Siyo wewe kweli?"

Wataru alicheka nao. Baadaye hakucheka. Aliniuliza nyuma ya ukumbi, palepale alipoinama, "Yule mjinga ni mimi?" Nikasema yeye si mjinga. Akasema, "Lakini ni mimi." Hatuko pamoja tena. Hilo nilikuwa nastahili, silalamiki.

Kozue alinifuata mwisho wa siku. Sauti ilikuwa chini, nikamsogelea. "Maneno yale nilikuambia wewe tu. Ulimwambia nani?"

Nikanyamaza.

Unajua kwa nini nilinyamaza? Ningesema nimemwambia dada yangu, angeuliza dada yako anamjuaje Iwao Kaji. Mhariri wako anataka watu waamini wewe ni mwanamume, uliniambia mwenyewe kazi yako yote iko juu ya hilo. Nikatunza siri yako, dada. Nimesimama pale mbele ya mtu ninayempenda nikitunza siri yako, na yangu ilikuwa imeuzwa kwenye maduka ya Japani nzima.

Alisubiri. Kisha akasema, "Sawa." Hilo tu. Ameomba kubadilishiwa dawati, sasa anakaa kule mwisho karibu na mlango.

Nieleze.

Shihori


Tokyo, 5 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Poleni na joto. Maharage mabichi aliyotuma mama yamefika, mwambie asante, tuliyachemsha na kuyamaliza siku hiyo hiyo.

Sijui nianzie wapi. Nianze na jina, maana hilo nikilala naliona. Nina msaidizi anaitwa Bi Ogiso, mama wa miaka hamsini, zamani alikuwa anachora ramani za viwanja. Kazi yake kwangu ni mandhari. Ukimpa picha ananakili kila kitu, hata ufa wa ukutani, maana kwenye ramani ukiacha kitu watu wanagombana. Majina yanayoonekana kwenye picha tunayafuta kwa rangi nyeupe kabla ya kukabidhi, ndiyo desturi, na ni kazi yangu mimi. Siku ile Bwana Tadokoro alikuwa amekaa mlangoni akisubiri kurasa na viatu ameshavaa. Nikapitiwa. Bi Ogiso alipojua alilia, nikamwambia si kosa lake.

Maneno ya Kozue, hilo ni gumu kulieleza kwa mtu asiyefanya kazi hii. Mtu anasoma, anasikia, vinachanganyika kichwani, na siku ya kuchora vinatoka na huwezi kujua hiki kilikuwa cha nani. Nakuapia niliyachora nikidhani ni yangu.

Nakuomba kitu kimoja. Toleo la mwezi huu lilikwisha kwenda kiwandani kabla barua yako haijafika. Usilisome. Kuna mwavuli.

Kwa kuwa lazima utalisikia: tumepanda mpaka nafasi ya tatu. Bwana Tadokoro ameacha kuhesabu sura. Nisingetaka iwe hivi, lakini ndivyo ilivyo, na najua si wakati wa kukuambia.

Kuanzia leo sitachukua kwako hata neno moja. Neno la dada. Niandikie hata kunitukana, lakini niandikie.

Fumie


Sakata, 9 Oktoba 1997

Dada Fumie,

Habari za siku nyingi. Miezi miwili hii sikuumwa, nilinuna tu. Jumapili tulienda kupika mtoni kama kila mwaka, viazi na nyama ya nguruwe kwenye sufuria kubwa, baba akaunguza nyusi akipuliza moto. Bibi kacheka mpaka akakohoa. Kisanduku cha matunda ya persimoni kiko njiani, mama amekufungia na soksi.

Nimekusamehe. Au tuseme nimechoka kukasirika, inakula nguvu. Na sina mwingine wa kumwambia hili, kwa hiyo umebaki wewe.

Kozue ameongea na mimi.

Jumatatu nilikuta kikaratasi ndani ya kiatu: "Saa ya chakula, njoo paani." Nikapanda. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa nyuma ya tangi la maji, upepo unampeperusha nywele, na mji wote uko chini mpaka baharini. Hakuniuliza kitu. Akakata tonge lake la wali katikati, akanipa nusu yenye samaki.

Tulipomaliza akatoa mfukoni ugwe wa upinde wake, ule uliokatika kwenye mashindano. Akaufunga kwenye kidole changu kidogo, kisha kwenye chake. Akasema, "Ukitaka kuondoka, vuta. Sitauliza."

Kengele ikalia. Watu wakashuka huko chini, tukasikia viatu, tukasikia mwalimu anaita majina. La kwangu likaitwa mara mbili. Dada, sikuvuta.

Usimwambie mtu.

Shihori


Tokyo, 24 Oktoba 1997

Shihori mpenzi,

Kadi tu, maana siku ya kukabidhi imekaribia. Nimelia juu ya barua yako, nimelia kweli, mpaka Bi Ogiso akaniletea chai. Nimefurahi kwa ajili yako kuliko ninavyoweza kuandika. Persimoni ni tamu. Soksi nimevaa. Mshike vizuri huyo mtoto wa watu.

Dada yako


Sakata, 8 Desemba 1997

Kwa Fumie,

Theluji ya kwanza imeanguka juzi. Baba ametoka kitandani, mgongo ulimlaza wiki nzima. Bibi ana mafua, si makubwa. Basi, salamu zimekwisha.

Toleo jipya limefika. Nimelisoma nyumbani safari hii, nimefunga mlango. Kurasa nane za paa. Tangi la maji. Nusu yenye samaki. Ugwe umeugeuza utepe mwekundu wa nywele, labda ndiyo namna yako ya kutimiza ahadi. "Ukitaka kuondoka, vuta. Sitauliza." Mwalimu anaita jina mara mbili. Kurasa nzuri sana. Wasichana wa mwaka wa tatu walikuwa wanalia kwenye kituo cha treni.

Sasa nikuambie. Haikutokea.

Kozue hajaniambia neno tangu Julai. Hakuna kikaratasi, hakuna tonge, hakuna ugwe. Niliyatunga, dada. Nilikaa siku tatu natunga, nikaandika na kuchana, nikaandika na kuchana, mpaka ikawa kitu ambacho usingeweza kukiacha. Nilitaka kujua neno la dada lina uzito gani.

Lakini sikukutega bila kukuachia njia. Nilikuwekea paa. Wewe umesoma shule hii miaka mitatu. Ni kwenye manga tu watoto wanakula chakula paani na upepo unawapeperusha nywele. Mlango wa paa letu una mnyororo, unajua una mnyororo, kila aliyesoma hapa anajua. Nikawaza: dada akifika pale atasimama. Ataniandikia, "Shihori, acha uongo, mlango ule haufunguki, una nini mdogo wangu?" Nilikuwa naisubiri barua hiyo. Kila mtu wa posta alipopita nilitoka dukani kabla ya mama. Ikaja kadi, umelia.

Nina swali moja, na usinijibu kwa habari za kazi yako. Ulijua au hukujua?

Kama hukujua, basi hunisomi, unanichuma tu. Kama ulijua, sijui nikuite nani.

Shihori


Tokyo, 11 Januari 1998

Shihori,

Umeona sikuja mwaka mpya. Nilimwambia mama ni kazi. Nilikuwa nimekaa hapa na barua yako, nikiandika hii, nikiichana, kama ulivyofanya wewe, ila wewe ulikuwa unatunga na mimi nilikuwa najaribu kuacha kutunga.

Nilijua.

Nilipofika kwenye neno paani nilijua. Nikiwa na miaka kumi na sita niliujaribu mlango ule mwenyewe, nilitaka kupanda peke yangu nikachore mto. Mnyororo wakati ule tayari ulikuwa na kutu. Kwa hiyo nilicheka. Nikasema, kadogo kananitega. Nilikuwa na karatasi ya barua mkononi, nikuandikie hayo hayo uliyoyasubiri. Kisha nikasoma mbele kidogo, nikafika kwenye ugwe na kidole. Nikaweka karatasi ya barua chini nikachukua ya kuchorea.

Ile kadi ya kusema nimelia niliiandika baada ya kurasa nane kwisha. Na nililia kweli, lakini si kwa ajili yako. Nililia kwa sababu zilikuwa nzuri.

Na nikiwa bado nina ujasiri: ile sura ya makabati ya viatu pia nilijua ilitoka wapi. Hakuna kilichochanganyika kichwani. Barua yako ilikuwa imesimama mbele yangu, nimeiegemeza kwenye chupa ya wino, nanakili. Nilipokuuliza mikono yake ikoje, sikuwa nauliza kama dada. Ulikuwa mwema sana kunijibu.

Sura ya paa imekuwa ya kwanza. Nataka kukuandikia kwamba sikufurahi, lakini nimeahidi kuacha kutunga. Nilifurahi. Bwana Tadokoro aliniinamia mlangoni, mimi, mbele ya Bi Ogiso, na nilifurahi.

Sitaki unisamehe. Sijui hata nikuombe nini. Kuna jambo moja tu linanisumbua, na safari hii naapa ni mimi ninayeuliza, si Iwao Kaji. Kozue anajua chochote? Upo uwezekano wowote wa nyie wawili?

Fumie


Sakata, 2 Februari 1998

Dada,

Theluji imefika madirishani. Baba na mimi tunaichota kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Mafua ya bibi yamekwisha, ameanza tena kumsema mama kuhusu chumvi. Mama amekuwekea mochi za mchele kando, atazituma.

Nimemwambia Kozue.

Nilimsubiri nje ya banda la upinde, anafagia theluji kwenye njia ya mishale. Nikamwambia yote tangu mwanzo: barua, picha, wewe, na Iwao Kaji ni nani. Samahani kwa hilo la mwisho. Siwezi kusema nimejutia. Wewe ulikuwa na siri yangu na mimi nilikuwa na yako, nami nimeitunza miezi sita zaidi yako.

Hakuacha kufagia. Nikamwambia na ile barua ya mtego, kwa sababu na yeye ameisoma, Japani nzima imeisoma. Hapo akasimama.

"Ile ya paani," akasema, na sauti ilikuwa chini, "uliandika wewe?"

"Mimi. Lakini ni uongo. Hakuna kilichotokea."

"Sijauliza kilichotokea."

Nikaelewa anauliza nini. Nilikuwa nimeshachoka kuwa wawili. Nikamwambia kweli: kila mstari wa barua ile nilitamani utokee, na nilipokuwa nautunga ili nikukamate wewe, nilikuwa pia nautunga kwa sababu niliukosa. Nikamwambia nampenda. Kwa mdomo wangu, bila kumwandikia mtu kwanza.

Akaweka fagio chini. Akanijibu. Maneno yake hayakuzidi matano, kisha akafanya jambo moja, na tangu siku hiyo najua nimesimama wapi.

Umeniuliza na umeapa ni wewe unayeuliza. Nakuamini. Naamini kabisa kwamba barua hii unaisoma kama dada yangu, na kwamba unataka sana kujua Kozue alisema nini na alifanya nini.

Hutajua.

Habari za nyumbani mama atakuandikia.

Shihori Iwabuchi